Siku Mwenyekiti Alipolazwa Botini

Nimeishi Temeke zaidi ya nusu ya maisha yangu, na maji niliyoyajua vizuri ni ya bombani, tena ya foleni. Lakini ukiniuliza boti gani inafaa mto wenye mawimbi, nitakujibu bila kusita, na utashangaa mpiga chapa mstaafu kajifunzia wapi habari za matumbo ya maboti. Nilijifunzia uani kwetu, kwenye karai la kufulia. Mwalimu wangu alikuwa dada yangu mkubwa, mkunga, mtu mfupi mwenye sauti ya juu, ambaye mpaka leo sijaona wa kumfananisha naye. Nasema hivyo ingawa aliwahi kunitia aibu mbele ya wakubwa wangu wa kazi hadi nikatamani ardhi inimeze.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Dada alikuwa na zahanati ya vyumba viwili kando ya mto Rufiji, kule chini unakokaribia bahari. Hospitali ilikuwa ng'ambo, tena juu kidogo, na mama aliyeshindwa kujifungua kijijini ilibidi avushwe. Mto ule una tabia yake mbaya. Maji yakianza kutoka kuelekea baharini, mchana, upepo wa baharini nao unaingia. Mkondo unasema twende, upepo unasema turudi, na wanapogombana hivyo maji yanasimama vijilima vijilima, vifupi, vimebanana. Si mawimbi ya kutisha ukiyatazama kutoka ufukweni. Ingia ndani na boti isiyofaa ndipo utakapojua.

Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, mama yetu mdogo, mdogo wake mama, alifia katikati ya mto huo akiwa na uchungu wa kuzaa. Dada ndiye aliyekuwa naye botini. Mimi nilipata habari kwa barua, nikaenda msibani siku tatu, nikarudi kazini. Dada hakunieleza zaidi ya yale yaliyokuwa kwenye barua, nami sikuuliza. Kwetu mtu akinyamaza juu ya msiba wake huwa tunamwachia.

Kisha siku moja ya kaskazi, jua kali, nikamkuta dada amekaa kwenye ngazi ya nyumba niliyopanga, kikapu cha samaki wakavu magotini. Nilikuwa natoka kazini. Nilikuwa karani mpiga chapa katika ofisi iliyogawa vifaa kwa vijiji, na ni mimi mwenyewe niliyekuwa nimemwandikia kwamba kijiji chao kimepangiwa boti ya mashine, na kwamba kamati itakaa kuichagua.

Nilimwamkia, nikampokea kikapu, nikamuuliza habari za nyumbani. Alinijibu zote njema, kama inavyopasa, kisha akasema:

"Nimekuja kuchagua boti."

"Dada, kamati ndiyo inayochagua."

"Basi nimekuja kuichagulia kamati."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba boti waliyokuwa nayo, ile alimofia mama mdogo, imetoboka na haifai tena. Masika yalikuwa yanakaribia, na masika mto unapanda. "Sikiliza, mdogo wangu," akasema. "Wakinirudisha na boti kama ile, mie kazi naacha. Sivushi tena mtu. Siwezi." Alisema taratibu, na dada yangu hakuwa mtu wa kusema taratibu. Hapo nikajua si maneno ya uchovu wa safari. Na kijiji kile bila yeye kilikuwa hakina mkunga mwingine, na boti tuliyopangiwa ilikuwa moja tu. Nchi ilikuwa changa na vijiji vilikuwa vingi, ukishapewa, umepewa.

Maboti ya kuchagua yalikuwa matatu, nami nilikwisha kuyaona kwenye yadi moja huko Mtoni, ukingoni mwa mkono wa bahari. La kwanza lilikuwa dogo, la bati jepesi, futi kumi na nne, tako lake bapa kama meza. La pili lilikuwa refu, futi ishirini na nane, jeupe pe, lenye kioo mbele na viti vya kushonwa, na tumbo lake limechongoka kutoka mbele mpaka nyuma. La tatu lilikuwa la mbao, futi ishirini na moja, halijapakwa hata rangi. Lilitengenezwa na fundi mmoja wa Keko, mtu wa kusini, aliyekuwa akichonga vinyago kabla hajahamia kwenye mashua.

Nikiri mapema: mimi nilikuwa nalipenda jeupe. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina jozi moja ya viatu vya kisigino, na nilikwisha kujiona nimeketi kwenye viti vile napigwa picha. Nilimwambia dada hivyo, kwa majivuno, kama mtu anayemtafutia ndugu yake mchumba.

Dada akaniomba karai.

Wapangaji wenzangu walikuwa uani wanapika. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, na jambo la chumba kimoja lilikuwa la vyumba vyote. Dada akajaza karai maji, akaninyang'anya sinia, akaliweka juu ya maji. Kisha akaanza kuyachezesha maji kwa mkono, haraka haraka, na sinia likawa linapiga pa, pa, pa. "Hii ndiyo boti yako ya bati," akasema. "Tako bapa. Maji yakitulia inateleza vizuri, na kina kifupi haiogopi. Yakichafuka, kila wimbi ni kofi." Akaliondoa sinia, akaweka bakuli la kina, lile la mchuzi. Bakuli halikupiga. Lilikata maji vizuri, lakini kila alipopunguza mkono likaanza kulala huku, kulala kule, mpaka likanywa maji. "Na huyu ndiye mchumba wako mweupe. Akikimbia, raha. Ukimwambia aende polepole kwa sababu ya mgonjwa, anayumba. Tena tumbo lake refu chini, na kwetu fungu la mchanga halikupi taarifa."

"Maji ya kifuu, bahari ya chungu," akasema mpangaji mmoja aliyekuwa anakuna nazi, na uani kote wakacheka. Dada naye akacheka safari hii, lakini hakuacha. Akainua mikono yake miwili. Akaunganisha ncha za vidole mbele, zikachongoka. Viganja vikafunguka kidogo kidogo kuelekea nyuma, mpaka kwenye vifundo vya mikono vikawa karibu bapa. Akaiweka majini hivyo. "Mbele ikate, nyuma ikae," akasema. "Hiyo ndiyo nataka."

Nikamuuliza urefu. Alivua kanga yake ya juu, akaitandaza chini na kuikunja mikunjo mikunjo kama mawimbi. Akaweka kijiko: kikatumbukia kati ya mkunjo na mkunjo. Akaweka mwiko: ukalala juu ya mikunjo miwili, haukuzama. Akachukua mchi wa kutwangia, nao ukalala vizuri kuliko mwiko. Nikasema, si unaona, mrefu ndio mzuri! Akaniambia niugeuze pale pale kwenye kona ya uani, kati ya jiko na ukuta. Niliugeuza, ukagonga ukuta, ukapindua sufuria la mtu.

"Mto una kona," akasema dada. "Tunataka mwiko."

Usiku ule sikulala mapema. Dada alikuwa hajasoma zaidi ya shule ya kati na mafunzo yake ya ukunga. Hakuwahi kuona mchoro wa boti. Yote yale aliyapata kwa kukaa ndani ya chombo kibovu, ameshika mkono wa mtu anayeumia, na kuangalia. Nilijisikia mdogo kwa kiatu changu cha kisigino, na nilimwonea fahari.

Siku ya majaribio kamati ilifika Mtoni saa mbili asubuhi. Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mnene mwenye shati jeupe lililonyooshwa na kalamu mbili mfukoni, mwenye desturi ya kumaliza kila jambo aliloanza, hata chai iliyopoa. Pamoja naye walikuwa wajumbe wanne, na mwenye sauti kubwa kati yao alikuwa bwana usafirishaji. Mimi nilikuwapo kwa ajili ya muhtasari. Dada alikaribishwa kama mjumbe mwalikwa, bila kura. Fundi wa Keko alikuja na penseli sikioni, akaamkia watu wote, kisha hakusema tena.

Bahari asubuhi ile ilikuwa imetulia tuli. Bwana usafirishaji akamshika Mwenyekiti mkono na kumpandisha kwenye boti jeupe, moja kwa moja mpaka kiti cha mbele kabisa. Hapakuwa na haja ya kujadili. Mkubwa hukaa mbele: kwenye gari, kwenye mkutano, kwenye mkeka wa harusi. Mashine ikaunguruma, boti likainua kichwa, tukaruka juu ya maji. Nilipiga makofi. Wote tulipiga makofi, isipokuwa dada na fundi. Boti la bati nalo likajaribiwa, likateleza vizuri. La mbao likaenda taratibu, bila mbwembwe, na bwana usafirishaji akasema linafanana na sanduku.

"Hili jeupe ndilo la hadhi," akasema tuliporudi ufukweni. "Wageni wakija kukagua kijiji, wataona nchi inajenga. Napendekeza tupige kura."

Mikono ilikuwa inaanza kunyanyuka. Na ndipo dada alipoinua wake.

"Shikamoo tena, Ndugu Mwenyekiti. Naomba tungoje maji yatoke."

"Yatoke yaende wapi, Ndugu Mkunga?"

"Yatoke yaende baharini, mzee wangu, na upepo uingie. Saa nane hivi. Hapo ndipo patakapofanana na kwetu."

Wajumbe wakatazamana. Bwana usafirishaji akaniangalia mimi, kwa sababu alijua ni dada yangu, na kunitazama kwake kuliniambia kwamba ofisini kesho nitasikia. Hiyo ndiyo aibu niliyoitaja. Nikajifanya natafuta kitu kwenye daftari.

"Sisi tuna kazi nyingine, mama," bwana usafirishaji akasema. "Boti tumeliona asubuhi, linatosha."

"Mtoto hachagui kuzaliwa asubuhi," dada akajibu.

Mwenyekiti akaitazama saa yake, akautazama mkono wa bahari uliotulia, akamtazama dada. Kisha akakaa chini juu ya gogo, akavua viatu. "Basi tutangoja," akasema. "Tumekuja kuchagua boti, na hatujamaliza."

Tulingoja saa nyingi. Tukala mihogo ya kukaanga na pilipili, wajumbe wawili wakalala usingizi kwenye kivuli cha maturubai, na dada akaenda kukaa na fundi karibu na boti la mbao. Niliwaona kwa mbali: dada anaonyesha kwa mikono yake ile iliyounganishwa vidole, fundi anatikisa kichwa kukubali, anapitisha kiganja chini ya tumbo la boti pale linapoanza kutandazika. Hawakufahamiana kabla, na walizungumza kama watu waliolelewa nyumba moja.

Ilipopata saa nane maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu na kaskazi imeingia. Ule mkono wa bahari uliokuwa tuli ukajaa vijilima. Dada akaleta machela aliyoazima, ya turubai na miti miwili, akaitandaza mchangani. Akasema boti haitajaribiwa kwa watu waliokaa, itajaribiwa kwa mtu aliyelala, tena mtu mzito, tena asiyezoea. Akaleta na kikombe cha bati kilichojaa maji, alichotaka mlalaji akishike kifuani.

Hakuna aliyejitolea. Mjumbe mmoja alikuwa na mgongo, mwingine alikuwa amevaa suruali mpya. Mwenyekiti akatusikiliza kwa subira yake ya darasani, kisha akachomoa kalamu zake mbili, akanikabidhi.

"Wake zetu hulala humo," akasema. "Mzito mnamwona, asiyezoea mnamwona. Nilazeni."

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi tangu siku ile. Sijamwona mwingine ambaye angejilaza chali mbele ya makarani wake, tumbo juu, kikombe kifuani, kwa sababu mkunga wa kijijini kasema. Sikucheka. Nilitaka, lakini sikucheka.

Tukaanza na boti la bati, lile la aina ile ile iliyomuua mama mdogo. Wajumbe wakainua machela, na bila kuulizana, bila hata kutazamana, wakaipeleka mbele kabisa. Nilimwona dada anafungua kinywa, kisha anakifunga. Uso wake ulikuwa umebadilika.

Tulipotoka nje ya kivuli cha ukingo, vijilima vikatupokea. Pa! Pa! Pa! Boti lilinyanyuka pua na kuanguka, likanyanyuka na kuanguka, na kila lilipoanguka Mwenyekiti aliachana na machela, kisha akarudishwa juu yake kwa kishindo. Kikombe kilimwagika kwenye wimbi la pili. Kwenye la tano akaita "Jamani mgongo!" na kwenye la saba akamwita mama yake. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na mashine, na nitasema ukweli wangu: kwangu haikuwa mbaya hivyo. Nilikuwa natikisika tu. Niliona ajabu kwamba tulikuwa ndani ya chombo kimoja na mzee yule.

Tuliporudi alikaa mchangani, shati limelowa. Akauliza, "Mwenye mimba hulazwa pale?"

"Ndiyo, mzee wangu," dada akasema.

"Mbele vile vile?"

Dada alikuwa amesimama, mikono imezungushiwa ncha za kanga. Akajibu akimtazama Mwenyekiti, lakini mimi najua alikuwa ananijibu mimi swali ambalo sikuwahi kuuliza.

"Kwetu mgonjwa hawekwi nyuma. Nyuma ni kwa mizigo, madebe ya petroli, kuku wa watu. Mbele ndiko kwa heshima, apate upepo, asivute moshi. Mwaka jana nilikuwa namvusha mama yangu mdogo. Mwendesha boti alitaka kumlaza nyuma, karibu na mashine. Nikamfokea. Nikamwambia huyu ni mama yangu, si gunia la mchele, mweke mbele. Akamweka. Mto ulikuwa hivi hivi. Mie ndiye niliyesema awekwe mbele."

Hakulia. Aliyelia ni mimi, na daftari la muhtasari mkononi. Mwaka mzima nilikuwa nimedhani dada ananyamaza kwa sababu ya huzuni, kumbe alikuwa amebeba jambo hilo peke yake, anavuka nalo kila siku, anatazama boti inavyopiga na kujiuliza ingekuwaje. Yale ya sinia na bakuli, yale ya mwiko na mchi, ndiko yalikotoka.

Mwenyekiti akainuka. Alimwendea dada akamshika bega. "Mwanangu," akasema, na ndiyo mara pekee siku ile alipoacha kumwita Ndugu, "hata sisi tungemweka mbele. Umetuona." Kisha akajilaza tena kwenye machela. "Tuendelee. Safari hii kila boti nilazeni mbele, kisha nyuma. Nataka kujua tofauti."

Boti jeupe lilijaribiwa polepole, kama anavyobebwa mgonjwa, si kwa mbio za asubuhi. Halikupiga. Lilikata vijilima vizuri, nami nikapata matumaini kwa niaba ya mchumba wangu. Lakini kwa mwendo ule wa taratibu likaanza kulala ubavu huu, kulala ubavu ule, kama bakuli la mchuzi uani kwetu, na Mwenyekiti akageuka rangi. Mara tukasikia mkwaruzo chini. Fungu la mchanga lililokuwa limefunikwa na maji asubuhi lilikuwa sasa karibu juu, na tumbo lile refu likanasa. Tulikaa pale robo saa. Wajumbe wakakunja suruali, wakateremka kusukuma, pamoja na ile mpya. Uzuri wa mkakasi, nilijisemea, na kuanzia hapo sikulitazama tena lile boti.

Likabaki la mbao. Fundi akashika usukani mwenyewe. Kwanza tukamlaza Mwenyekiti mbele, kama alivyoagiza, na mbele palikuwa na adha yake, lakini si ile ya kumwita mama. Pua iliingia majini, ikayapasua, ikatoka. Kisha dada akaomba machela irudishwe nyuma, akaelekeza mwenyewe: rudisha, rudisha kidogo, hapo. Ilikuwa nyuma ya katikati, pale tumbo linapotandazika, hatua mbili tu kutoka kwenye mashine. Akakijaza kikombe tena. Boti lilikuwa refu kiasi cha kukanyaga vijilima viwili kwa pamoja, kwa hiyo halikutumbukia katikati yao, na tulipofika kwenye fungu la mchanga fundi aliinua mashine kidogo tukapita juu yake. Alipogeuza kurudi, aligeuza pale pale.

Mwenyekiti alikuwa kimya muda wote. Tukadhani yamemfika. Boti lilipogusa ufukwe akafumbua macho, akatazama kikombe kifuani, ambacho maji yake yalikuwa yamepungua kidogo tu, akauliza mbona tumerudi mapema.

Fundi akachomoa penseli sikioni, akachora mistari miwili kwenye ubao, kichwani na miguuni mwa machela, kabla hatujainua. Hayo ndiyo maneno yake ya siku ile.

Bwana usafirishaji alijaribu mara ya mwisho. Akauliza wageni wakija na kukuta sanduku, watasema nini.

"Wageni watakuja wazima," Mwenyekiti akajibu. "Mtu mzima huvuka hata kwa mtumbwi. Tupige kura."

Mikono ikanyanyuka yote, pamoja na wa bwana usafirishaji, na pamoja na wangu ulioshika penseli.

"Ndugu Karani, wewe huna kura."

"Najua, Ndugu Mwenyekiti. Mkono umekwenda wenyewe."

Jumatatu nilipiga chapa muhtasari. Niliandika kwamba kamati imeridhika na boti ya mbao, futi ishirini na moja, iliyochongoka mbele na kutandazika nyuma, kwa kuwa inafaa kubeba mgonjwa aliyelala katika maji yenye mawimbi na yenye kina kifupi. Niliandika pia kwamba Ndugu Mwenyekiti alilazwa kwenye machela na kujaribu maboti yote mwenyewe. Nilidhani atakata sentensi ile kwa kalamu yake nyekundu. Alisahihisha nukta mbili, akatia saini.

Miaka miwili baadaye niliolewa, na mimba ya kwanza nikaenda kuzalia kwetu, kama inavyopasa. Nilifika kijijini salama, lakini siku zilipotimia uchungu ulikwenda kombo, na dada akasema tuvuke. Ilikuwa mchana, maji yanatoka. Watu walinibeba wakapita na mimi kando ya pua ya boti bila hata kupunguza mwendo, moja kwa moja nyuma, na mwanamke mmoja aliyekuwa anangojea kuvuka akaondoa haraka kuku wake. "Nyuma, nyuma, mgonjwa yuko nyuma," akawa anawaambia wenzake, kama jambo ambalo limekuwako siku zote. Nilipolazwa nilinyoosha mikono, nikagusa ubaoni mstari wa penseli wa fundi, ule wa kichwani. Mtu alikuwa ameuchonga kwa patasi usifutike.

Nilimtafuta dada kwa macho. Sikumwona kando yangu. Kando yangu alikaa msaidizi wake, ameshika mkono wangu vizuri. Dada alikuwa mbele kabisa, peke yake, ameketi chini mahali pasipo na kiti, amejishikilia kwenye mbavu za boti pande zote mbili, amenielekea mimi na kuyapa mawimbi mgongo.

"Dada, njoo huku," nikamwita. "Huko utaumia."

"Tulia weye."

Msaidizi akaniinamia sikioni. Akasema kila safari anakaa pale, hata mgongo ukimuuma, hawamwezi.

Tulipoingia kwenye vijilima pua ikaanza kupasua maji, na maji yakamrukia dada mabegani. Mimi kwangu ilikuwa ni kutikisika tu. Kila pua ilipopanda na kushuka nilimwona ananyanyuka na kushuka nayo, kisha anageuza kichwa upande wa mwendesha boti na kuinua kidole: punguza. Au kiganja: sawa. Alikuwa anaupokea mto kwanza yeye, kisha anatuambia ulivyo.

"Kwa nini unakaa hapo?" nikamuuliza kwa nguvu, katikati ya uchungu, kwa sababu nilikuwa naogopa na nilimtaka karibu.

Akajifuta uso kwa kanga. "Siku ya mama mdogo, mwendesha boti hakuwa na wa kumwambia pakoje huku," akasema. "Nyie mnaye."

Binti yangu alizaliwa jioni ile ng'ambo, mzima, analia kwa sauti ya juu kama ya mama yake mkubwa. Dada alimpokea kwa mikono ile ile, vidole vimeungana mbele na viganja vimefunguka nyuma, na kanga yake ilikuwa bado inachuruzika maji.